Kazi ya kuhesabu wanaonyongwa kwa ajili ya unga (dawa za kulevya): jibu kwa mleta uzi wa Malindi

Mleta uzi anasoma sheria, nyumbani kwao Malindi. Mhadhiri wake anataka msaidizi wa utafiti kuhusu adhabu ya kifo kwa makosa ya dawa za kulevya. Dada huyu anauliza mambo mawili: kazi yenyewe ni ipi hasa, na amjibu nini babake, ambaye alipoisikia tu alisema wauza unga waacheni wanyongwe. Mimi nimeifanya kazi hiyo nikiwa mwanafunzi, na kwetu ni Maweni hapo hapo Malindi, kwa hivyo nitajibu kwa kirefu.

Kwanza, dadangu, kama unatarajia kuandika hotuba za haki za binadamu, utachoka mapema. Hiyo kazi ni kusoma na kuhesabu. Nchi kama thelathini na kitu bado zina adhabu hii kwenye vitabu vyao vya sheria, ila zinazoua kweli ni chache, na zile zinazoua zaidi ndizo zinazoficha zaidi. China haitangazi idadi, Vietnam pia ni siri ya serikali. Shirika la Harm Reduction International limekuwa likitoa ripoti zake tangu 2007, na kwa mwaka 2023 lilihesabu watu 467 waliouawa kwa makosa ya dawa. Amnesty International, mwaka huo huo, ikahesabu 508. China haimo katika hesabu hizo zote mbili. Hakuna anayedanganya hapo. Wengi wa waliohesabiwa waliuawa Iran, na huko vyombo vya serikali hutangaza wachache tu. Waliobaki hujulikana kupitia familia, wafungwa wenzao na vikundi vya kutetea haki. Sasa wewe ndiwe utakayekaa na mtu mmoja aliyeripotiwa mara tatu, jina lake limeandikwa kwa tahajia tatu, uamue kama ni mmoja au watatu. Utalinganisha gereza, tarehe na kiasi cha dawa. Msimamizi mzuri hapokei namba isiyo na chanzo, na ukikosa uhakika inaandikwa kuwa ni angalau wangapi, basi.

Singapore ni kinyume chake, na ndipo nilipojifunza mengi. Hukumu zao zimechapishwa, ndefu, kwa Kiingereza safi, kila kitu kimepimwa. Ukipatikana na heroini inayozidi gramu 2, sheria inachukulia kwamba unaiuza, na ni juu yako kuthibitisha vinginevyo. Ikizidi gramu 15, ni kitanzi. Kinachohesabiwa ni heroini halisi iliyomo, kwa uchambuzi wa maabara, si uzito wa unga wote uliokamatwa, kwa hivyo katika jedwali lako weka safu mbili tofauti za uzito, la sivyo kesi hazitalinganishika. Kisha utaanza kukutana na mashtaka ya "si chini ya gramu 14.99". Mwanzoni utadhani ni bahati ya mshtakiwa. Hapana, ni mwendesha mashtaka aliyeamua kuipunguza kesi isifike kwenye kifo. Uhai wa mtu uko katika ile sehemu ya gramu, na aliyeushika si jaji.

Tangu sheria ibadilishwe 2012 kuna mlango mwingine: aliyekuwa mbebaji tu, akipata cheti cha mwendesha mashtaka kwamba amewasaidia kwa dhati kuuvuruga mtandao, anaweza kufungwa maisha na kuchapwa viboko badala ya kunyongwa. Soma kesi hizo polepole. Mbebaji anayejua majina ana cha kutoa. Aliyepewa mfuko na mtu asiyemjua, akaambiwa fulani atakupokea, hana kitu cha kubadilishana na roho yake. Mimi hukumu hizo ndizo zilizonibadilisha, si kitabu chochote cha nadharia.

Nazo zilinifanya nitazame bahari yetu upya. Aprili 2014 meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata jahazi karibu na pwani ya Kenya likiwa na heroini kilo 1,032. Hesabu mwenyewe hizo ni gramu 15 ngapi. Ndugu wa Akasha, Baktash na Ibrahim, vigogo wa dawa wa Mombasa, walipelekwa New York na kuhukumiwa miaka 25 na miaka 23. Sisemi wangenyongwa, nasema tu kwamba wenye mali hukutani nao kwenye faili za kitanzi.

Kuhusu mzee: usimhutubie. Mtu aliyekulia Malindi amewaona mateja ni watoto wa majirani zake, wengine amewazika. Kama mji wetu ulihitaji Omari Project, shirika la kuwasaidia mateja, tangu 1995, na kliniki ya methadoni (dawa ya kuwatoa kwenye heroini) hospitalini tangu 2015, hasira yake ina haki. Lakini muulize alisema nini Machi 2025, yule Mkenya alipohukumiwa kifo Vietnam kwa kokeini na WhatsApp ikajaa ujumbe kwamba ananyongwa jioni ile. Mimi nilipigiwa simu na watu wale wale wa "wanyongwe tu," wakitaka tumwombee dua. Mkuki kwa nguruwe. (Jioni ile hakunyongwa, na Juni mwaka huo Vietnam iliiondoa adhabu ya kifo kwa kosa la kusafirisha dawa. Malaysia nayo 2023 iliacha kuifanya ya lazima, na Pakistan mwaka huo huo ikaifuta kwa makosa ya dawa.) Tena mkumbushe kwamba hata kwetu Kenya mlanguzi hahukumiwi kifo. Sheria ya dawa za kulevya ya 1994 ilimwekea kifungo cha maisha na faini, na hatujamnyonga mtu kwa kosa lolote tangu 1987.

Kabla hujaanza, jizoeze na kesi ya Muruatetu ya Desemba 2017, ile iliyohusu ulazima wa adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji, kwenye tovuti ya Kenya Law, kisha usome maombi ya kupunguziwa adhabu yaliyofuata, yakiwemo ya Mahakama Kuu ya Malindi. Ukiweza kueleza kwa sentensi mbili kwa nini Mahakama ya Juu iliondoa ulazima bila kuifuta adhabu yenyewe, uko tayari.

La mwisho ni la pesa, maana wanafunzi tunaona haya. Muulize mhadhiri kwa maandishi unalipwa kwa saa au kwa kazi, bando la intaneti ni la nani, na jina lako litaandikwa wapi ripoti ikitoka. Na zile barua za wafungwa kwa mama zao utakazokutana nazo kazini, zisome mchana, maana zinaumiza. Mhadhiri akikujibu kuhusu malipo, rudi hapa utuambie tukusaidie kuhesabu kama inalipa.