Kabla hujalipia kiwanja, ulizia maji yanapita wapi

Kiwanja changu nilikinunua mwezi wa tisa, mwaka 2013, huku pembezoni mwa Dar es Salaam upande wa Mbezi. Mwezi wa tisa ardhi imekauka hadi inapasuka, na kila kiwanja ni kizuri. Dalali alinionyesha kila alichotaka nikione: nguzo ya umeme iliyo jirani, njia ya kufikia lami, muhuri wa serikali ya mtaa. Bei ilikuwa chini kuliko ya viwanja vya juu, nikaona nimepata bahati. Nilipima urefu, nikapima upana, nikalipa. Sikuuliza mvua ikinyesha maji yanapita wapi.

Jibu nililipata masika ya 2018. Usiku wa manane maji yaliingia kwa mlango wa nyuma, yakapita sebuleni na kutokea mlango wa mbele, kana kwamba nyumba haipo. Kulipokucha tope lilikuwa limefika usawa wa magodoro ya watoto. Tulitoka salama. Mwezi huohuo wa Aprili kulikuwa na familia Dar zilizozika watu wao.

Ninayaandika haya kwa sababu najua wengi mnanunua sasa hivi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 katika mkoa wa Dar es Salaam; ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ni watu milioni moja wameongezeka ndani ya miaka kumi, na kila mmoja anahitaji mahali pa kulala. Mpango kabambe wa jiji wa 1979 ulikaa miaka mingi mno bila mwingine wa kuchukua nafasi yake, na muda wote huo sisi tuliendelea kukatiana vipande. Kwa hiyo kwenye mitaa mingi waliopanga mji ni muuzaji, mnunuzi na mjumbe aliyeshuhudia. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nilipanga vibaya.

Baada ya mafuriko nilimwendea bibi mmoja wa mtaani kwetu, mkazi wa siku nyingi kuliko sisi sote.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Poleni na maji."

Nikamuuliza kama yalishawahi kufika pale kwangu. Alinitazama kwa huruma. "Mwanangu, pale kwako sisi tulikuwa tunalima mpunga."

Angeniambia hivyo mwaka 2013 kama ningemfuata. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza ni huu: ukishapelekwa na dalali, rudi peke yako, umtafute mzee wa mahali pale, hasa mama aliyewahi kulima hapo. Muulize palilimwa nini. Mpunga, magimbi, miwa, mchicha wa kiangazi: hayo ni mazao ya ardhi inayoshika maji. Tazama na mimea yenyewe. Matete yanayosimama mabichi mwezi wa tisa hayamwagiliwi na mtu. Angalia kuta za nyumba za jirani kama zina mstari wa rangi ya udongo unaolingana kutoka nyumba hadi nyumba, na kama kwenye vizingiti vya milango wameinua kijiukuta cha tofali. Mtu hajengi kijiukuta mlangoni kwa urembo.

Sikiliza na majina pia. Waliotutangulia waliyapa maeneo majina kwa macho yao. Pale Msasani pako Bonde la Mpunga, na maji yamekuwa yakiwasumbua wakazi wake. Mchikichini ni mahali pa michikichi, mti usioogopa unyevu. Jangwani ni tambarare la Mto Msimbazi, mto unaoshuka kutoka milima ya Pugu na kuingia baharini karibu na Daraja la Selander. Desemba 2011, katika mvua zilizoelezwa kuwa kubwa kuliko zote tangu 1954, watu wapatao 40 walikufa jijini, na manusura wengi wa mabondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Baadaye karakana ya mabasi ya mwendokasi ikajengwa Jangwani hapohapo, na maji yakawa yanaifuata masika baada ya masika. Sasa serikali, kwa fedha za mkopo kutoka Benki ya Dunia, imelipa fidia na kubomoa nyumba za bonde hilo ili mto upate nafasi yake. Nawaonea uchungu waliobomolewa, maana nyumba si tofali tu. Lakini nikijumlisha gharama zote hizo, za pesa na za roho, naona ingekuwa rahisi sana bonde lile kuachwa bonde tangu mwanzo.

Jambo la pili ni gumu kwangu kulisema. Baada ya 2018 nilinunua kifusi, magari kadhaa, nikainua uwanja wangu. Kisha nikajenga uzio wenye msingi wa mawe, uliokatiza mkondo kutoka upande mmoja hadi mwingine. Nilijisifu kwamba nimeyashinda maji. Masika ya 2019 maji hayakuingia kwangu. Yaligonga ukuta wangu, yakageuka kushoto, yakaangusha ukuta wa jikoni kwa mama jirani. Mama yule alikuwa ametuletea uji wa watoto siku nyumba yangu ilipofurika. Hakunitukana. Alisimama kwenye tope akasema tu, "Baba, umeyaleta kwangu."

Nilichukua nyundo siku ileile. Ukuta wangu leo una matundu matatu makubwa chini, yamefungwa kwa nondo, na maji yanapita katikati ya uwanja kwenye mfereji nilioujengea kwa mawe. Nimepoteza sehemu ya bustani. Jiko la mama jirani tulilijenga upya pamoja. Ukiwa na kiwanja bondeni na unafikiria kumwaga kifusi, nakusihi uende kwanza kwa jirani wa chini na wa pembeni, mtazame wote maji yataelekea wapi. Kifusi hakikaushi maji. Kinayahamisha.

Baadaye tulifanya kitu ambacho nawashauri watu wa kila mtaa wakifanye. Siku ya mvua kubwa tulivaa mabuti, watu kumi na wawili pamoja na mwenyekiti wa mtaa, tukayafuata maji kuanzia juu kabisa ya mteremko mpaka yanapoingia mtoni. Ilituchukua saa moja na nusu, na tukajifunza kuliko katika mikutano yote. Kalavati la barabarani lilikuwa limezibwa na chupa za plastiki na nepi. Nyumba tatu zilikuwa zimekalia korongo lenyewe. Kule chini wachimba mchanga walikuwa wameuchimba mto hadi kingo zinamomonyoka kuelekea nyumba za watu. Tuliona pia jambo la aibu tuliyokuwa tunaifichiana: baadhi yetu tulikuwa tunasubiri mvua ili kutapisha vyoo, yaani kufungulia uchafu wa shimo uende na maji. Maji yaliyoingia sebuleni kwangu yalikuwa yamebeba hayo. Kipindupindu hakitoki mbali.

Lakini kilichonifungua macho zaidi kilikuwa juu, kwenye viwanja vikavu ambavyo wenyewe hawajawahi kufurika hata siku moja. Uwanja mzima umesakafiwa, hakuna hata mti, na bati lote linamwaga barabarani. Piga hesabu nami. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 120, siku ya mvua ya milimita 50, linamwaga lita 6,000. Nyumba 40 za juu zinatuteremshia lita 240,000 kwa siku moja, kabla hujahesabu sakafu za nje. Na hewa ikizidi joto kwa nyuzi moja ya Selsiasi inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takribani asilimia saba, kwa hiyo mvua inapoamua kushuka, inashuka kwa kishindo kuliko ile waliyoizoea wazazi wetu. Mtaro uliotosha zamani hautoshi tena.

Kwa hiyo wewe wa juu, mafuriko ya bondeni ni yako pia. Weka gata na tanki. Hata lita 2,000 zinapunguza kasi ya mwanzo, na kiangazi utashukuru kwa maji ya kufulia. Acha sehemu ya uwanja iwe udongo na majani. Panda mwembe. Kama lazima utandike vitofali, viache na nafasi katikati maji yazame.

Kuhusu karatasi nitasema kwa ufupi. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, uombe kuona mchoro wa mipango miji wa eneo hilo, si nakala ya dalali, uangalie kama kiwanja chako hakijaandikwa eneo la wazi au eneo hatarishi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na muhuri wa serikali ya mtaa hauondoi katazo hilo. Tazama pia ramani za Ramani Huria, mradi ulioanza 2015, ambapo wanafunzi wa vyuo na wakazi walizunguka mitaani wakichora mitaro na maeneo yanayofurika. Ni za bure. Na kama mtaa wenu unarasimishwa, yaani viwanja mlivyojikatia vinapimwa na kuchorwa rasmi, msigombanie tu upana wa viwanja. Toeni njia ya maji kama mnavyotoa barabara, ichorwe kwenye ramani, iwekewe mipaka. Isipochorwa itauzwa.

Kwetu korongo limechorwa, ingawa nyumba mbili bado zimelikalia, na wenye nyumba hizo hatujui tutawaambia nini kwa haki. Kila mwisho wa Februari tunazibua kalavati. Kiwanja cha chini kabisa, chenye matete, bado kinauzwa, na bei yake imeshuka tena. Jumamosi iliyopita dalali alileta kijana na mchumba wake. Walipita kwangu kuomba maji ya kunywa, wakaniuliza mahali pakoje. Niliwapeleka kwa bibi. Aliwapa viti, akawaeleza habari ya mpunga, kisha akawaambia warudi mwezi wa nne, siku inayonyesha, na waje na mabuti.