Maswali ya Wasomaji: Kompresa ya 125 inayogoma kwenye 96

SWALI: Mhariri, salamu. Matairi ya mbele ya gari-nyumba langu yanataka PSI 105. Nina kompresa ya umeme wa nyumbani yenye tangi la lita 20, nayo imeandikwa 125. Nikiunga mpira kwenye tairi lenye 92, upepo unaingia kidogo, geji inafika 96, kisha kimya. Mota haiwaki. Je, imekufa?

JIBU: Haijafa, ndugu msomaji. Kwanza hakikisha kidhibiti cha presha kimefunguliwa hadi mwisho. Wengi hukiacha pale walipokiweka kwa kazi nyingine. Kama kimefunguliwa chote, angalia swichi ya presha. Swichi hii huzima mota tangi likifika 125, na haiiwashi tena mpaka presha ishuke, mara nyingi hadi karibu 95.

Piga hesabu. Tangi la lita 20 lenye 125 limekutana na tairi kubwa, tuseme la lita 150, lenye 92. Upepo unagawana, pande zote mbili zinatulia kwenye 96. Hakuna tena kinachosukuma, na swichi bado inangoja 95. Kazi nzima imekwama kwa PSI moja.

Chomoa kichwa cha mpira kwenye tairi. Legeza koki ya maji iliyo chini ya tangi mpaka mota ingurume, funga koki, halafu rudisha kichwa upesi. Usilegeze koki kabla ya kuchomoa, maana upepo wa tairi unaweza kurudi nyuma na kutokea hapo hapo. Mota ikishawaka haitajizima hadi 125, kwa hiyo itaipita 105 yako ikiwa bado inafanya kazi. Kaa na geji mkononi. Koki hiyo pia humwaga maji yaliyokusanyika tangini, na hilo ni jema. Ila tafadhali usizungushe skrubu za swichi ili kuipandisha: tangi na valvu yake ya usalama vina kikomo chake.

Ukinunua nyingine, usiulize tu inaishia wapi. Uliza inawaka tena kwenye ngapi. Inayozima kwenye 150 na kuwaka kwenye 120 itakujazia 105 bila hila yoyote.

SWALI: Pampu yangu ya volti 12 imeandikwa 150, lakini nikiichomeka kwenye soketi ya kiberiti cha sigara inaunguza fyuzi. Kosa liko wapi?

JIBU: Liko kwenye soketi. Fyuzi yake kwa kawaida ni ya ampia 10 hadi 15, na pampu ya kujaza matairi makubwa inaweza kuvuta 20, 30 au zaidi, hasa presha inapopanda. Ibane moja kwa moja kwenye betri kwa vibanio vyake, injini ikiwa inanguruma. Ikiwa gurudumu la nyuma liko mbali, refusha mpira wa upepo, usirefushe waya: waya mrefu na mwembamba hupunguza volti na mota huchemka.

Ile 150 haikuambii kasi. Kuongeza PSI 10 kwenye tairi la lita 150 kunahitaji kama lita 100 za hewa ya kawaida. Pampu inayotoa lita 25 kwa dakika kwenye presha hiyo itachukua dakika 4 kwa tairi moja, matairi sita dakika 24. Kama kibandiko kinasema 33% kwa saa, kazi ni dakika 20 na mapumziko 40. Panga kazi hiyo asubuhi, matairi yakiwa yamepoa, maana presha ya kuaminika ni ya tairi baridi.

SWALI: Baada ya safari nimekuta tairi moja kati ya yale pacha ya nyuma lina PSI 70, wakati linatakiwa 110. Niliongeze tu?

JIBU: Usilijaze, tunakuomba sana. Asilimia 80 ya 110 ni 88, na tairi lililotembea likiwa na kiwango hicho au chini yake huhesabiwa kuwa limetembea bila upepo. Ubavu wake umekuwa ukikunjwa kila mzunguko, na nyaya za chuma ndani huchoka bila alama yoyote nje. Ukirudisha presha, nyaya hukatika moja baada ya nyingine kama zipu inayofunguka, na ubavu hupasuka kwa nguvu ya kuua. Aliyechuchumaa kando ya valvu ndiye anayepigwa.

Tairi hilo livuliwe kwenye ringi, likaguliwe ndani, na likipita lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, kichwa cha mpira kikiwa cha kujishika chenyewe na fundi akiwa mbali na ubavu. Pacha wake naye akaguliwe, kwani alibeba mzigo wa wawili. Mwambie fundi ulilikuta na PSI ngapi na gari limetembea umbali gani.