Unga wa sumaki na ngozi ya mbuzi

SWALI: Shikamoo mzee. Huku Maskati tunanyunyizia kebabu sumaki, si ile inayovuta chuma, bali ule unga mwekundu mchachu. Jirani kaniambia mti wa sumaki hutengenezea ngozi. Nina ngozi ya mbuzi wa Idi, nimeitia chumvi. Niiloweke kwenye unga huo? – Msomaji, Maskati

JIBU: Marahaba mwanangu. Jirani kapatia mti, kakosea sehemu. Unga huo ni tunda. Tanini, ile dawa ya kuivisha ngozi, unayo, lakini ukiununulia kwenye duka la viungo utafilisika kabla ngozi haijaiva. Kazi hufanywa na jani: majani makavu ya sumaki ya Sicily hubeba tanini kama robo ya uzito wake, nayo hushikamana na nyuzi za ngozi zisioze.

Sisi tunaojalidi vitabu tunaiheshimu sana. Mwaka 1900 Society of Arts ya London iliunda kamati ichunguze mbona majalada ya ngozi ya karne ya 19 yalikuwa yakiporomoka maktabani, ilhali ya zamani yanadumu. Ngozi ya sumaki ilionekana kuhimili. Ya magome ya miwati, jamii ya ile inayopandwa Njombe, ikawa miongoni mwa zilizochakaa upesi. Kitabu kikiniachia vumbi jekundu vidoleni, siulizi zaidi: najua ngozi yake ni ya aina hiyo inayochakaa.

Mafundi wa zamani waliishona ngozi ya mbuzi ikawa mfuko, wakaujaza maji ya sumaki pamoja na majani, wakaipanga mifuko mmoja juu ya mwingine. Uzito uliyakamua maji yakapenya ngozi toka ndani hadi nje. Ufundi mtupu!

Wewe tumia maganda makavu ya komamanga; Jabal Akhdar, milima ya Omani yenye makomamanga, si mbali nawe. Tanini yake ni ya kundi moja na ya sumaki, na ngozi hutoka na umanjano. Kwanza ioshe chumvi, iloweke maji ya chokaa, ng'oa manyoya, kwangua nyama na mafuta, kisha suuza mpaka chokaa iishe. Anza na maji mepesi ya maganda, uyakoleze siku hadi siku. Ukianza na makali, uso utaiva na katikati ibaki mbichi. Chombo kiwe plastiki au udongo: tanini ikikutana na chuma huwa wino, na madoa yake hayatoki.

Sumaki ni jamaa ya mkorosho na mwembe. Kama korosho hukudhuru, hata hiyo ya kebabu iache mpaka umwone daktari.