Miiba inayohama

Swali: Nipo kusini mwa Florida. Nimegusa miiba ya kijani yenye mistari myekundu kwenye kitawi cha mgunga, ikasogea! Ni nini?

Jibu: Ni wadudu, ndugu yangu: *Umbonia crassicornis*, wanaopatikana hapo hadi Amerika Kusini. Hufyonza maji ya mti. Huo mwiba ni gamba la kifuani lililochongoka juu.

Mimi hunigusa zaidi yule mama. Hutaga ndani ya kitawi, kisha huchanja ganda la kitawi ili watoto wapate pa kunyonya. Nyigu akija, watoto hujitikisa kwa pamoja. Mtikisiko hupita kwenye kitawi, mama huja akipiga mabawa na mateke. Tafadhali, usiwapulizie dawa. Mti mkubwa huwahimili.