Imamu Katika Kamati ya Amani: Je, Ameingia Siasa?

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, imamu wetu hapa Ujiji ameombwa ajiunge na kamati ya amani, pamoja na mapadri na wachungaji, kuelekea uchaguzi. Baadhi ya waumini wanasema huko ni kuingia siasa, na kwamba kazi ya mwanachuoni ni kusomesha dini. Je, wana hoja? — Msomaji, Ujiji, Kigoma.

JIBU: Ndugu msomaji, hoja wanayo, ila wameielekeza pasipo pake. Ibara ya 19 ya Katiba yetu inaweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, na ibara ya 20 inazuia kusajiliwa kwa chama cha siasa chenye lengo la kukuza maslahi ya dini fulani. Lakini ibara hizo hazimkatazi shekhe wala padri kuwapatanisha waliogombana.

Msumbiji, vita vya serikali ya Frelimo na waasi wa Renamo vilimalizwa kwa mkataba uliotiwa saini Roma tarehe 4 Oktoba 1992, na miongoni mwa wasuluhishi alikuwamo Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira, ambaye hata Renamo walimwamini. Katika Jamhuri ya Afrika ya Kati, imamu Oumar Kobine Layama, askofu mkuu Dieudonné Nzapalainga na mchungaji Nicolas Guérékoyame-Gbangou walizunguka pamoja wakiwasihi wapiganaji waweke silaha chini. Mwishoni mwa 2013, mji mkuu Bangui ulipowaka moto kwa mapigano, imamu huyo alihamia na familia yake nyumbani kwa askofu mkuu, akakaa huko kwa miezi kadhaa. Naliona hilo kuwa zito kuliko matamko mengi ya pamoja, kwa sababu kila muumini wa Bangui aliweza kuona ni nani analala chini ya paa la nani.

Upande wa pili nao upo, na sisi wa Kigoma, tuliopokea wakimbizi wa Burundi na Kongo kwa miongo kadhaa, hatuna haja ya kwenda mbali kuutafuta. Huko Nyange, Rwanda, Aprili 1994, watu waliokimbilia kanisani waliangamizwa kanisa lilipobomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani, na padri wa parokia hiyo, Athanase Seromba, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha. Mwaka 2008 rufaa ikamwongezea adhabu hadi kifungo cha maisha. Tena, mwenye kusema haki huweza kulipa kwa uhai wake: Joachim Ruhuna, askofu mkuu wa Gitega, Burundi, aliuawa Septemba 1996.

Kwa hiyo waumini wenzako wasiulize kama imamu aende, bali anakwenda kwa masharti gani. Posho inatoka kwa nani? Je, ana kadi ya chama? Je, ataweza kumwambia mkuu wa wilaya, mbele ya watu, neno lilelile atakalomwambia mgombea wa upinzani? Mkiridhika na majibu, mpeni baraka zenu. Akiwa ameitwa kufungua na kufunga vikao kwa dua tu, heri abaki na darasa lake la alasiri.