Siri ya mwenzako wa chumbani

Pumwani, Nairobi
Jumanne asubuhi

Mwanangu,

Ujumbe wako wa saa nane usiku nimeusoma baada ya swala ya alfajiri. Nimekupigia mara mbili hukushika, nikajua uko darasani, basi nakuandikia. Unasema mwenzako wa chumbani hali, halali, wiki ya tatu hii hajakanyaga darasa, na amekuapisha usimwambie mtu. Unaniuliza: ukisema, utakuwa umemsaliti?

La. Sema. Sema leo.

Nilipofika pale ulipoandika kwamba amekupa viatu vyake vipya, na redio yake amempa binti wa chumba cha pili, nilikaa kitako. Wewe umelitaja jambo hilo kwa kupita tu, ukaongeza kuwa vyako vimeisha soli. Mwanangu, aliyeishiwa na pesa huuza viatu. Kijana anayegawa vitu avipendavyo, baada ya wiki tatu za kujifungia, huenda anaaga. Namwomba Mungu niwe nimekosea, lakini hatuwezi kungoja tuhakikishe.

Ukirudi chumbani muulize waziwazi: "Umekuwa ukifikiria kujiua?" Usizungukezunguke. Najua utaogopa kumtia wazo ambalo hakuwa nalo. Wataalamu wa afya ya akili wanasema kuuliza hakumtii mtu wazo hilo. Wengi hupata nafuu kwa kuwa hatimaye kuna aliyethubutu kulitamka. Akikubali, usimhubirie, wala usimkumbushe jasho la mamake. Hilo analijua kuliko wewe, na pengine ndilo linalomlemea. Umeniambia kijiji kizima kilimchangia harambee aje chuoni. Sasa mkopo wa HELB, ile bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, umechelewa, alama za masomo mawili zimepotea, na kila akipiga simu nyumbani anaulizwa anahitimu lini. Mimi nilichangia harambee kama hizo, na sikuwahi kufikiri kwamba mtoto anaweza kuzihesabu kama deni la kila mtu aliyetoa mia mbili.

Usimwache peke yake. Mwombe binti wa chumba cha pili mpokezane. Dawa zote zilizomo chumbani zitoe. Kisha nenda naye, wewe mwenyewe ukimshika mkono, kwa mshauri nasaha wa chuo au zahanati ya chuo, na ofisi ya mkuu wa wanafunzi iarifiwe. Usiku ukiwakuta, pigeni 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, haitozi pesa. Akizidiwa, ni hospitali moja kwa moja, na gari nitalipa mimi.

Huenda anaogopa polisi. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu. Mwambie kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Na wakimwandikia kwenda Mathari, asishtuke. Sisi watoto wa Majengo tulilitumia jina hilo kutukanana, tukidhani anayeingia pale ameisha. Ni hospitali ya magonjwa ya akili, imekuwepo tangu 1910, na watu huingia na kutoka wakarudi kazini kwao. Sonona ni ugonjwa wenye tiba. Akipewa vidonge ajue kwamba vingi huchukua wiki kadhaa kabla nafuu haijaonekana, asije akavitupa siku ya nne. Watakaosema ni jini au amerogwa hawatakosekana. Mimi ni mtu wa dua, unanijua. Amwombe Mungu, na aende kwa daktari.

Kuna jambo sijawahi kukusimulia. Mwaka wangu wa pili chuoni nililala chumba kimoja na kijana mpole, hodari wa hesabu kunishinda mbali. Tulipika kwa koili ya umeme tukiificha kila tuliposikia hatua za msimamizi. Muhula wa pili akaacha kupika, halafu akaacha kuoga, halafu akaacha kujibu akiitwa. Aliniapisha nisiseme, nami nikanyamaza nikidhani huo ndio urafiki. Wenzetu wakamwita mvivu na mimi sikuwakanya. Alfajiri moja niliamka nikakuta godoro limekunjwa, sufuria imeoshwa na kufunikwa juu ya meza yangu. Hakurudi. Nilimwandikia nyumbani kwao barua mbili, hazikujibiwa. Mpaka leo sijui alifika wapi. Ile sufuria mamako hupikia uji wa Ramadhani, hajui ilikotoka.

Kwa hiyo akikukasirikia, akikuambia umemvunjia ahadi, vumilia. Anaweza kukununia muhula mzima. Heri akununie akiwa hai.

Mambo ya masomo yatapata njia yake. Kuahirisha mwaka kwa sababu ya ugonjwa kunaruhusiwa. Kunahitaji barua na karatasi ya hospitali, na nitamsaidia kuiandika. Alama zilizopotea zitafuatiliwa idarani. Hayo si ya leo.

Nawe pia. Ujumbe wa saa nane usiku umenionyesha kwamba sasa nyote wawili hamlali. Umebeba peke yako mzigo ambao hata daktari hugawana na wenzake. Ukishamfikisha kwa mshauri, mwambie yule mshauri kwamba wewe pia unataka kuzungumza, na usiku wa leo ulale. Usinijibu kwamba uko sawa. Umekula nini jana? Chai na mandazi si chakula cha siku mbili.

Mimi nikimaliza kipindi cha mwisho saa tisa, natembea hadi Pangani napanda matatu ya Thika Road, saa kumi na moja nitakuwa hapo kwenu Wendani. Mamako anawapikia pilau. Nitakaa nje kwenye benchi la msimamizi. Akitaka kuniona nitaingia, asipotaka nitangoja hapohapo. Simu sizimi.

Na vile viatu usivivae. Vifute vumbi uviweke chini ya kitanda chako, utamrudishia.

Baba yako