Kwa Muuguzi Anayekwenda Kwenye Mlipuko wa Ebola kwa Mara ya Kwanza

Ndugu muuguzi, mafunzo utakayopewa kabla ya kupangiwa kituo yatahusu zaidi mwili: namna ya kuvaa na kuvua mavazi kinga, klorini ya asilimia 0.5 kwa sakafu na vifaa, ya asilimia 0.05 kwa mikono. Yashike yote. Ninachoongeza ni kwamba akili nayo inahitaji utaratibu uliopangwa kabla hujaingia wodini, kwa sababu hofu ikishakuelemea usiku ukiwa peke yako, ni vigumu kuanza kumtafuta wa kumweleza.

Hofu hiyo ina msingi. Huko Gulu, kaskazini mwa Uganda, mwaka 2000, wauguzi kadhaa wa hospitali ya Lacor walifariki wakihudumia wagonjwa wa Ebola, na Daktari Matthew Lukwiya aliyekuwa akiiongoza hospitali hiyo akafariki tarehe 5 Desemba. Katika mlipuko wa Ebola wa Uganda wa mwaka 2022 wahudumu wa afya 19 waliambukizwa na 7 kati yao wakapoteza maisha. Na Marburg, ugonjwa wa jamii moja na Ebola, ulipoingia Rwanda mwaka 2024, sehemu kubwa ya waliougua walikuwa wahudumu wenyewe. Kwa hiyo usiione aibu kuogopa. Itaje hofu yako wakati wa kukabidhiana zamu, mbele ya mfawidhi, kwa maneno ya wazi: sikulala, mikono inatetemeka, leo naomba nisishike sindano. Hiyo ni taarifa ya usalama wa wodi nzima.

Hata hivyo, kwa maoni yangu, kinachomchosha muuguzi kuliko hofu ya kufa ni kuzuiwa kuuguza jinsi alivyofundishwa. Umezoea kukaa kando ya kitanda na kumsikiliza mgonjwa mpaka amalize. Sasa unaingia kwa muda wa saa moja hivi, miwani imejaa ukungu, jasho linatiririka hadi kwenye mabuti, na mtoto anakulilia wakati mwenzako anakuonyesha kwa ishara kwamba muda umekwisha. Lazima utoke, maana anayebaki kwa huruma huvua mavazi akiwa amechoka, na wakati wa kuvua ndipo palipo na hatari kubwa. Lakini kilio kile utatoka nacho. Andika jina lako kwa kalamu ya wino mzito kwenye aproni, kifuani, ili mgonjwa ajue anayemhudumia ni nani, na kabla ya kutoka mwambie kwa jina ni nani atakayeingia baada yako. Kule Beni, mashariki mwa Kongo, wakati wa mlipuko wa Ebola vilitumika vyumba vya plastiki angavu, ambamo muuguzi alimhudumia mgonjwa akiwa nje kupitia glovu zilizounganishwa ukutani, na jamaa waliweza kumwona mtu wao. Pia waliopona Ebola waliajiriwa kulea watoto ambao wazazi wao walikuwa wamelazwa. Dai mambo kama haya katika vikao vya kituo, kwa kuwa yanamfariji mgonjwa na kumpunguzia muuguzi mzigo wa kujilaumu.

Nyumbani nako kuna jambo lake. Ukirudi, siku 21 za kufuatiliwa kuona kama utapata dalili ni ndefu, na kila homa ya malaria itakushtua. Pima joto asubuhi na jioni, kisha weka kipimajoto kabatini. Majirani wengine watawaepuka hata watoto wako, nao unyanyapaa huo huuma zaidi unapotoka kwa watu uliowahudumia, hivyo zungumza na familia kabla ya kusafiri, mkubaliane nani atakayekupigia simu kila siku na nani atakayewapeleka watoto shule. Ndoto za kutisha, hasira za ghafla au kutegemea pombe ili ulale, vikizidi majuma mawili, muone mtaalamu wa afya ya akili kama ambavyo ungemwona daktari kwa kikohozi kisichoisha.

Na kabla ya kutia saini mkataba, muulize mwajiri kwa maandishi: je, siku hizo 21 zinalipwa? Mshauri nasaha ni nani, na anapatikana bila kupitia kwa msimamizi wako? Utapangiwa wodi gani ukirudi kazini, na utapewa mapumziko kiasi gani kabla ya zamu ya kwanza ya usiku?